Sura ya 6: Kipi Kitangulie, Jumla au Kikomo?

Mwaka 1902 mwalimu kijana wa sekondari mjini Nancy, mashariki mwa Ufaransa, alitetea tasnifu yake ya udaktari mjini Paris. Aliitwa Henri Lebesgue, mzaliwa wa Beauvais, mtoto wa mpiga chapa. Tasnifu ilihusu integrali, urefu na eneo, mambo ambayo yeyote aliyemaliza kidato cha sita angedhani yalikwisha zamani. Newton alikuwa amekufa miaka 175 iliyopita, Leibniz kabla yake. Wahandisi walijenga reli na madaraja kwa hesabu hizo na madaraja yalisimama. Ilikuwapo kasoro hata hivyo, ila haikuwa ya aina inayoonekana kwenye daraja.

Integrali iliyokuwa ikitumika ni ile aliyoieleza Bernhard Riemann huko Göttingen mwaka 1854, ikachapwa mwaka 1868 akiwa ameshafariki. Ndiyo tunayofundishwa shuleni hadi leo. Unachukua mstari wa chini, tuseme kutoka 0 hadi 1, unaukata vipande vyembamba, juu ya kila kipande unasimamisha mstatili unaofika kwenye grafu, unajumlisha maeneo ya mistatili yote, kisha unaendelea kuvipunguza vipande. Jumla zikielekea kwenye namba ileile, ukate utakavyokata, namba hiyo ndiyo integrali.

Lebesgue alikata upande mwingine. Aliuacha mstari wa chini ulivyo, akakata mhimili wa wima, yaani thamani za fanksheni. Kwa kila tabaka la thamani aliuliza: ni wapi huku chini fanksheni inafikia kimo hiki, na mahali hapo pana ukubwa gani? Alipoalikwa Copenhagen mwaka 1926 kuueleza mwenendo wa wazo lake, alitoa mfano wa mfanyabiashara anayehesabu fedha, nami sijaona mfano unaoushinda. Mpeleke mfanyabiashara huyo Kariakoo, saa kumi na mbili jioni, droo imejaa. Anaweza kuhesabu jinsi noti zinavyotoka mkononi: elfu mbili, elfu kumi zinakuwa elfu kumi na mbili, elfu moja, kumi na tatu, na kadhalika mpaka droo iishe. Huyo ni Riemann. Lakini muuza duka mzoefu hafanyi hivyo. Anazipanga kwanza: elfu kumi kumi upande huu, elfu tano tano hapa, sarafu za mia tano kule, anahesabu kila fungu lina noti ngapi, anazidisha, anajumlisha mafungu. Huyo ni Lebesgue. Fedha ni ileile na jibu ni lilelile. Tofauti inajitokeza siku droo inapokuwa na noti zisizo na idadi, zimechanganyika kiasi kwamba hakuna mpangilio wa kutoka unaoaminika.

Njia ya mafungu ina gharama yake. Mahali ambapo fanksheni ina thamani fulani si lazima pawe kipande kimoja cha mstari. Panaweza kuwa vipande elfu vilivyotawanyika, au vumbi la nukta moja moja. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha kimo kwa ukubwa, lazima tuwe na njia ya kusema ukubwa wa seti iliyotawanyika. Hiyo ndiyo kazi ya kipimo. Émile Borel alikuwa ameianza mwaka 1898 na sharti lake kuu ni moja: ukiwa na seti nyingi zisizoingiliana, hata zikiwa hazina mwisho ilmradi zinaweza kuorodheshwa ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi kipimo cha muungano wao ni jumla ya vipimo vyao. Karibu kila kitu katika sura hii kinatoka kwenye sharti hilo.

Tuone linavyofanya kazi. Chukua namba zote zinazoandikika kama sehemu, kati ya 0 na 1: nusu, theluthi, robo tatu na wenzao. Zimejaa kila mahali. Popote utakapoweka ncha ya kalamu kwenye mstari, zipo zisizo na mwisho karibu yake. Lakini zinaorodheshwa: nusu, theluthi moja, theluthi mbili, robo moja, robo tatu, moja ya tano, na kuendelea kwa kufuata ukubwa wa namba ya chini. Sasa ifunike ya kwanza kwa kipande chenye urefu wa sentimita nusu, ya pili kwa robo sentimita, ya tatu kwa moja ya nane, na kila inayofuata kwa nusu ya iliyotangulia. Umezifunika zote, na urefu wote uliotumia hauzidi sentimita moja. Ungeweza kuanza na nusu milimita badala ya nusu sentimita, na jumla isingezidi milimita moja. Hakuna urefu ulio mdogo usiotosha. Kwa hiyo kipimo cha namba hizo zote ni sifuri.

Georg Cantor alionyesha kwamba hata seti isiyoweza kuorodheshwa inaweza kuwa na kipimo sifuri. Kata theluthi ya katikati ya mstari uitupe, kisha theluthi ya katikati ya kila kipande kilichobaki, bila kukoma. Ulichotupa kina jumla ya urefu wa 1 kamili, na bado nukta zilizobaki ni nyingi sawasawa na nukta za mstari mzima.

Tukishapata kipimo, integrali inajengwa kwa hatua tatu. Kwanza fanksheni sahili, zile zenye thamani chache zinazohesabika kwa vidole: kila thamani unaizidisha kwa kipimo cha mahali inapopatikana, unajumlisha. Hapo ni mafungu ya noti tu. Pili, fanksheni yoyote isiyoshuka chini ya sifuri: unatazama fanksheni sahili zote zinazokaa chini yake, unachukua integrali zao, na dari ya namba hizo ndiyo integrali yake, hata kama dari hiyo haina mwisho. Tatu, fanksheni yenye chanya na hasi: unaitenga sehemu iliyo juu ya sifuri na iliyo chini, unapata integrali ya kila moja, unatoa. Hatua hii ina sharti ambalo wanafunzi hulisoma harakaharaka kisha linawagharimu mbeleni: pande zote mbili lazima ziwe na integrali yenye mwisho. Huruhusiwi kutoa kisicho na mwisho kutoka kwa kisicho na mwisho ukategemea jibu.

Hapa vitabu vingi huleta fanksheni ya Dirichlet, ya mwaka 1829: ina thamani 1 kwenye kila namba inayoandikika kama sehemu, na 0 kwingine kote. Riemann haiwezi. Katika kila kipande cha mstari, hata kiwe chembamba vipi, zimo nukta za kimo 1 na nukta za kimo 0, kwa hiyo mstatili wako unaweza kufika juu au kulala chini upendavyo na jumla hazitulii. Lebesgue anaimaliza kwa sentensi moja: 1 mara kipimo sifuri, ongeza 0 mara kipimo 1, jibu ni 0. Kisha kitabu kinatangaza ushindi.

Mimi naona ushindi huo ni wa bei rahisi, na unamwacha msomaji na wazo baya kwamba nadharia nzima ilibuniwa ili kuhudumia vituko. Mwaka 1893 mzee Charles Hermite alimwandikia rafiki yake Stieltjes kwamba anazikimbia kwa hofu fanksheni zisizo na mteremko, ndugu za vituko hivi, na mtu wa kawaida atakuwa upande wa Hermite. Nani ana haja na eneo la kitu kisichochoreka?

Swali linageuka ukiuliza fanksheni hiyo imetokea wapi. Chukua ile orodha yetu: nusu, theluthi, theluthi mbili. Tengeneza fanksheni yenye kimo 1 kwenye namba ya kwanza tu na 0 kwingine. Kisha nyingine yenye kimo 1 kwenye namba mbili za kwanza. Kisha tatu, kisha nne. Kila moja ni ya kawaida kabisa kwa Riemann na integrali yake ni 0. Mfuatano unapanda taratibu, hauruki, hauzidi 1. Kikomo chake ni fanksheni ya Dirichlet. Yaani umetembea hatua kwa hatua ndani ya nyumba ya Riemann, kila hatua halali, na mwisho wa safari umejikuta nje. Hiyo ndiyo kasoro. Hisabati ya uchambuzi inaishi kwa vikomo. Chombo kinachokutupa nje unapochukua kikomo hakiaminiki, hata kama kinajenga madaraja.

Kasoro hiyo ilikuwa imeshaonekana kwenye mambo mazito zaidi. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha joto cha mwaka 1822, alivunja fanksheni kuwa jumla isiyo na mwisho ya mawimbi, na ili kupata ukubwa wa kila wimbi alichukua integrali ya jumla nzima kwa kuintegrisha kipande kimoja kimoja. Nani aliruhusu? Na mwaka 1881 Vito Volterra, akiwa bado mwanafunzi Pisa, alitengeneza fanksheni ambayo ina mteremko kila mahali, mteremko huo haupiti mipaka, na bado integrali ya Riemann haiwezi kuukusanya mteremko kuirudisha fanksheni. Ile kanuni kuu ya kalkulasi, kwamba kuintegrisha ni kurudi ulikotoka ulipotafuta mteremko, ilikuwa imepasuka mchana kweupe.

Basi tuzitazame sifa zenyewe tukijua tunatafuta nini: ruhusa ya kubadilisha mpangilio, kuchukua kikomo kwanza au jumla kwanza, bila jibu kubadilika.

Sifa ya kwanza haihitaji maelezo. Fanksheni isiyo na hasi ina integrali isiyo hasi. Fanksheni moja ikiwa chini ya nyingine kila mahali, integrali yake haiwezi kuzidi ya mwenzake. Kutoka hapo unapata papo hapo kwamba integrali, ukiondoa alama yake ya hasi, haizidi integrali ya fanksheni iliyoondolewa alama za hasi. Sababu ni kwamba chanya na hasi zikiachwa pamoja hulana, zikigeuzwa chanya zote haziwezi kulana.

Sifa hii inaonekana nyepesi mno, lakini inazaa kanuni ya kutolingana yenye jina la Markov, ambayo nisingeiacha. Tuseme wastani wa kipato katika wilaya fulani ni shilingi 300,000 kwa mwezi na hakuna mwenye kipato cha hasi. Ni watu wangapi wanaweza kupata 3,000,000 au zaidi? Si zaidi ya mmoja katika kila kumi. Hujui lolote jingine juu ya wilaya hiyo, hujui matajiri wala maskini wake wamejipanga vipi, na bado umepata mpaka usiovunjika. Sababu: wangezidi mmoja katika kumi, wao peke yao wangeupitisha wastani 300,000 hata kama wengine wote hawana kitu. Kwa lugha ya integrali, kipimo cha mahali ambapo fanksheni inafika kimo fulani hakizidi integrali igawanywe kwa kimo hicho.

Tumia hilo kwa fanksheni isiyo na hasi ambayo integrali yake ni 0. Mahali inapofika kimo 1 pana kipimo kisichozidi 0 gawanya kwa 1, yaani sifuri. Mahali inapofika nusu, sifuri. Theluthi, sifuri, robo, sifuri, na kila moja katika orodha hiyo. Mahali popote ambapo fanksheni ni kubwa kuliko 0 pamo katika mojawapo ya seti hizi, nazo zimeorodheshwa, na muungano wa orodha ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo fanksheni ni 0 karibu kila mahali, maneno ambayo katika somo hili yana maana kamili: kila mahali isipokuwa kwenye seti ya kipimo sifuri. Na kinyume chake ni kweli. Integrali haioni seti za kipimo sifuri. Ukiibadilisha thamani ya fanksheni kwenye kila namba inayoandikika kama sehemu, ukaweka milioni badala ya mbili, integrali haitikisiki.

Upofu huo ni neema. Theoremu nyingi za baada ya Lebesgue zinasema jambo fulani hutokea karibu kila mahali, na hakuna aliyelazimika kuzikagua nukta zilizokataa moja moja.

Sifa ya pili ni ujumlishaji: integrali ya fanksheni mbili zilizojumlishwa ni jumla ya integrali zao, na ukizidisha fanksheni kwa namba, integrali nayo huzidishwa kwa namba hiyohiyo. Wengi huiona dhahiri kiasi cha kutoiandikia uthibitisho. Si dhahiri. Kumbuka tulivyoifafanua integrali ya fanksheni isiyo na hasi: dari ya fanksheni sahili zilizo chini yake. Nusu ya kwanza ya hoja ni rahisi; fanksheni sahili iliyo chini ya mmoja na nyingine iliyo chini ya mwenzake, zikijumlishwa, zinakaa chini ya jumla yao. Nusu ya pili inakwama. Ukipewa fanksheni sahili iliyo chini ya jumla ya wawili, hakuna njia ya moja kwa moja ya kuigawa katika sahili mbili, kila moja chini ya mwenyewe. Utajikuta unahitaji theoremu ya vikomo ambayo bado hatujaifikia. Hivi ndivyo ilivyo katika ujenzi huu: ujumlishaji, unaoonekana kuwa msingi, unasubiri paa.

Kabla ya kulifikia paa, tuone ujumlishaji unavyofaa. Mwalimu ana wanafunzi 45 na anawarudishia karatasi za mtihani bila kutazama majina. Kwa wastani, ni wangapi watapata karatasi zao wenyewe? Ukijaribu kuhesabu mipangilio yote utakesha, kwa sababu matukio yanategemeana: wanafunzi 44 wakipata zao, wa mwisho hana budi apate yake. Tatizo la namna hii lilichambuliwa na Pierre Rémond de Montmort katika michezo ya karata mwaka 1708. Ujumlishaji haujali kutegemeana. Kila mwanafunzi ana nafasi moja katika 45. Jumlisha nafasi hizo mara 45. Jibu ni mwanafunzi 1. Shule ikiwa na wanafunzi 2,000, jibu bado ni 1. Wastani katika nadharia ya uwezekano ni integrali tu, kama Andrei Kolmogorov alivyoweka wazi katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1933, ambamo uwezekano ni kipimo chenye jumla ya 1 na kila thamani tarajiwa ni integrali ya Lebesgue juu ya kipimo hicho.

Sasa paa lenyewe. Theoremu inayobeba jina la Beppo Levi, Mwitalia aliyeichapa mwaka 1906, inasema hivi: fanksheni zisizo na hasi zikiwa zinapanda, kila moja juu ya iliyotangulia, basi integrali ya kikomo ni kikomo cha integrali. Badilisha mpangilio upendavyo. Hakuna sharti jingine. Hata majibu yasiyo na mwisho yanaruhusiwa.

Uthibitisho wake una ujanja mmoja wa kupendeza. Ni wazi integrali zinapanda na haziwezi kupita ile ya kikomo. Kazi ni kuonyesha kwamba hazikwami chini yake. Chukua fanksheni sahili yoyote iliyo chini ya kikomo, kisha ipunguze kidogo, ibaki asilimia 99 yake. Sasa kwenye kila nukta, mapema au baadaye, mfuatano wetu utakipita hicho kimo kilichopunguzwa, kwa sababu unaelekea kwenye kikomo kilicho juu yake. Nukta nyingine zitawahi, nyingine zitachelewa, hilo halituhusu. Seti ya nukta ambazo zimeshapitwa inakua kwa kila hatua mpaka inajaza kila mahali, na sharti la Borel linatuhakikishia kwamba kipimo chake nacho kinakua mpaka kinajaa. Basi integrali za mfuatano lazima zifike angalau asilimia 99 ya integrali ya ile sahili. Lakini 99 haikuwa na utakatifu wowote, ingekuwa 99.9, au karibu na 100 kadiri utakavyo. Zikishaifikia kila sahili iliyo chini ya kikomo, zimefika kwenye dari, na dari ndiyo integrali. Bila ile asilimia moja iliyokatwa hoja isingesimama, maana mfuatano unaweza kukikaribia kimo cha sahili milele bila kukigusa.

Na ujumlishaji sasa unajibiwa kwa mstari mmoja: kila fanksheni isiyo na hasi tunayoweza kuipima ni kikomo cha fanksheni sahili zinazopanda, sahili tunajua kuzijumlisha, na Levi anatubebea jumla hiyo hadi kwenye kikomo.

Vipi kama mfuatano haupandi? Hapo ndipo watu huumia. Simamisha mstatili wenye upana 1 na kimo 1 kuanzia 0. Kisha upana nusu na kimo 2. Kisha upana theluthi na kimo 3. Endelea. Eneo la kila mmoja ni 1. Lakini simama kwenye nukta yoyote iliyo kulia kwa 0, hata iwe karibu vipi, ungoje. Mistatili itazidi kuwa myembamba, itakupita, na kuanzia hapo utaona 0 daima. Kikomo ni 0 kila mahali kulia kwa 0, na integrali yake ni 0. Integrali za mfuatano ni 1, 1, 1, mpaka mwisho. Eneo limepotea bila kuvuja popote. Ningemshauri anayesoma somo hili auchore mfano huu kwa mkono, maana kila sharti linalofuata limewekwa kwa ajili yake.

Pierre Fatou, aliyefanya kazi miaka yake yote katika kituo cha astronomia cha Paris na kufanya hisabati pembeni, alisema jambo la kiasi juu ya upotevu huo katika tasnifu yake ya mwaka 1906. Kwa fanksheni zisizo na hasi, eneo linaweza kupotea kwenye kikomo, lakini haliwezi kuzaliwa. Integrali ya kikomo haizidi kile ambacho integrali za mfuatano zinarudi kukikaribia kwa chini. Inaitwa lema, neno la kitu kidogo, ila hutumika kuliko theoremu nyingi zenye majina makubwa, kwa sababu haidai karibu chochote.

Lebesgue alitaka usawa kamili, na sharti aliloliweka ni mlinzi: fanksheni moja, yenye integrali yenye mwisho, ambayo hakuna mmoja katika mfuatano anayeipita kwa kimo, juu au chini. Mlinzi huyo akiwapo na mfuatano ukielekea kwenye kikomo karibu kila mahali, basi integrali zinaelekea kwenye integrali ya kikomo. Mistatili yetu haina mlinzi: fanksheni yoyote itakayokaa juu yao wote lazima ipande kama 1 gawanya kwa umbali kutoka 0, na eneo chini ya hiyo halina mwisho. Uthibitisho unatoka kwa Fatou, mara mbili. Chukua mlinzi, mwongezee mfuatano. Hakuna hasi, lema inasema eneo halizaliwi. Chukua mlinzi, mtoe mfuatano. Tena hakuna hasi, lema inasema halizaliwi upande wa pili, maana yake kwa mfuatano wenyewe halipotei. Lisilozaliwa wala kupotea limebaki.

Fanksheni ya Volterra inapata dawa hapo hapo. Mteremko wake ni kikomo cha tofauti ndogondogo zilizogawanywa kwa hatua, tofauti hizo hazipiti mpaka uleule unaoubana mteremko, na juu ya kipande cha mstari chenye urefu wenye mwisho, namba moja isiyobadilika inatosha kuwa mlinzi. Kikomo na integrali vinabadilishana, na fanksheni inarudi kama ilivyokuwa.

Kuna kitu Lebesgue alikiacha nje. Chukua sine ya x igawanywe kwa x, kuanzia 0 bila mwisho. Mawimbi yake yanapungua, ya juu na ya chini yanalana, na ukikusanya kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, jumla inatulia kwenye nusu ya pai. Wahandisi wa mawimbi hulitumia jibu hilo kila siku. Lakini ukizitenga sehemu za juu na za chini, kila upande hauna mwisho, na hatua ya tatu ya ujenzi wetu inakataa. Integrali ya Lebesgue haina habari na mpangilio. Imeshapanga noti katika mafungu. Jibu linalotegemea kipi kilihesabiwa kwanza kwake si jibu. Arnaud Denjoy mwaka 1912 na Oskar Perron mwaka 1914 walijenga integrali zinazolikubali, na zinaukusanya hata mteremko usio na mipaka uliomshinda Lebesgue.

Hazikuenea. Mwaka 1907 Frigyes Riesz na Ernst Fischer, kila mmoja kivyake, walikuwa wameshaonyesha kwamba fanksheni ambazo mraba wake una integrali ya Lebesgue yenye mwisho zinaunda nafasi isiyo na matundu: mfuatano unaojikusanya ndani yake daima hupata kikomo chake humohumo. Juu ya nafasi hiyo yalijengwa mawimbi ya Fourier upya na, miaka ishirini baadaye, hisabati ya fizikia ya kwanta. Integrali za Denjoy na Perron hazina nyumba kama hiyo ya kuzipa fanksheni zake. Kati ya chombo kinachokusanya vingi zaidi na chombo kinachobaki na vikomo vyake, wanahisabati walichagua cha pili, na kwa maoni yangu walichagua sawa.